Hewa, maji au kushusha volti: ulinganisho kwa anayejiundia kompyuta ya gemu

Anayejiundia kompyuta ya gemu hukutana na maswali mawili ambayo watu wamezoea kuyafunga kamba moja: je, nifanye ovakloki (kuendesha chipu kwa kasi kuliko ile ya kiwandani), na je, nipoze kwa maji? Zamani lilikuwa swali moja kweli. Aliyetaka kasi kuliko ile ya kiwandani alipandisha volti, volti ikazaa joto, joto likamsukuma kwenye maji. Siku hizi yametengana. Ipo kompyuta inayostahili maji hata kama kasi yake haijaguswa, na ipo ovakloki inayopunguza joto badala ya kuliongeza.

Sitaficha ninakoegemea. Kwa wengi wanaojenga kompyuta ya kuchezea, kipoza hewa kizuri na volti iliyoshushwa kwa uangalifu vinatosha na kuzidi. Maji hupata haki yake hasa pale kadi ya picha nayo inapoingizwa kwenye mzunguko wa maji. Sababu zake ndizo zinazofuata.

## Kupandisha kasi, zamani na sasa

Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Basi yake, yaani njia inayoiunganisha na ubao mama, ilikuwa ya megahezi 66. Aliyeibadilisha kuwa 100 kwenye ubao mama mara nyingi aliwasha kompyuta na kukuta megahezi 450, yaani nusu nzima ya kasi imeongezeka kwa kubadili mpangilio mmoja. Mwaka 2011 ikaja Core i5-2500K ya gigahezi 3.3, na watu wakawa wanaifikisha 4.5 kwa kipoza hewa tu. Waliokulia zama hizo wana haki ya kuipenda ovakloki, maana iliwapa kitu kikubwa bila gharama kubwa.

Prosesa za leo hutoka kiwandani zikiwa zimeshasukumwa karibu na ukomo wake. Core i9-14900K hujipandisha yenyewe hadi gigahezi 6 kwenye kori (viini vya kazi) zake bora, ikiwa joto linaruhusu. Nafasi iliyobaki juu ya hapo ni ya asilimia chache, na bei yake ni kubwa kwa sababu ya kanuni moja ya umeme: nguvu inayoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Tuseme umeongeza kasi kwa asilimia 4, na ili isikwame ikabidi uongeze volti kwa asilimia 8. Umeme na joto vitapanda kwa takriban asilimia 21. Asilimia 4 za kasi kwa asilimia 21 za joto ni biashara ambayo mimi siifanyi kwa kompyuta ya kila siku.

Tena volti si joto pekee. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinapoteza uthabiti kwa sababu ya volti iliyopanda kupita kiasi. Ilitoa masasisho ya BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) kuanzia Agosti mwaka huo na kuongeza miaka miwili kwenye waranti ya prosesa zilizohusika. Hizo zilikuwa prosesa zinazofanya kazi kwa mipangilio ya kawaida, si lazima ziwe zimepandishwa na mtu. Kwa hiyo ukiwa na mojawapo, kusasisha BIOS kunatangulia majaribio yoyote ya kasi, na maji hayawezi kuponya chipu ambayo volti imeshaiumiza.

Kabla ya kugusa prosesa, angalia RAM. Hii ndiyo ovakloki ya kwanza kwa thamani, na wengi wanaisahau kabisa. RAM za DDR5 zilizoandikwa 6000 kwenye boksi, zikichomekwa tu, huamka kwa kasi ya chini kama 4800 mpaka uingie BIOS na kuwasha wasifu wa XMP au EXPO, yaani mpangilio wa kasi ulioandikwa ndani ya RAM yenyewe. AMD yenyewe ilisema 6000 ndiyo kasi inayofaa zaidi kwa prosesa zake za Ryzen 7000. Ni kubofya mara mbili, kisha usiku mmoja wa MemTest86 kuhakikisha hakuna makosa. Nimeona watu wakilinganisha marejeta (sehemu ya mfumo wa maji inayotoa joto kwa hewa) huku RAM zao zikitembea chini ya kasi waliyoinunua.

## Kushusha volti, ovakloki ya leo

Prosesa ya sasa hujiendesha kwa mipaka mitatu: joto, umeme na volti. Ikigusa mmojawapo, inaacha kupanda. Ukiweza kuifanya itumie volti kidogo kwa kasi ileile, inabaki na nafasi chini ya mipaka hiyo na inajipandisha yenyewe. Ndiyo maana kushusha volti kunaweza kuleta kasi zaidi, joto dogo zaidi na feni tulivu zaidi kwa wakati mmoja. Hakuna namna ya kupandisha kasi kwa nguvu inayokupa yote matatu.

Kwa Ryzen tangu kizazi cha 5000, kifaa chenyewe ni Curve Optimizer ndani ya BIOS. Unaweka namba hasi, mathalani -15 kwa kori zote, na kila hatua moja hupunguza takriban milivolti 3 hadi 5. Inafanya kazi hata kwa Ryzen 7 7800X3D, ambayo kasi yake imefungwa na haipandishwi kwa njia ya kawaida. Kwa kadi ya picha ya NVIDIA, fungua programu ya MSI Afterburner, bonyeza Ctrl na F, na mchoro wa volti na kasi utatokea: mstari wa vidoti vidogo unaopanda kuelekea kulia. Unachagua kidoti kilicho chini kidogo ya volti ya juu kabisa, kwa mfano milivolti 900, unakiinua hadi kasi unayoitaka, kisha unavilaza vyote vilivyo kulia kwake viwe usawa mmoja. Kuanzia hapo kadi haiendi juu ya volti hiyo. Mara nyingi inashuka makumi ya wati, na fremu (picha kwa sekunde) zinabaki palepale au karibu na hapo.

Kuna mtego mmoja. Kasi iliyopandishwa kwa nguvu huanguka chini ya mzigo mzito, kwa hiyo programu za kuipima prosesa kwa mzigo, kama Cinebench au OCCT, huikamata mapema. Volti iliyoshushwa kupita kiasi huanguka kinyume: kompyuta inamaliza Cinebench bila tatizo, halafu inajizima ukiwa unasoma barua pepe. Sababu ni kwamba kori moja iliyo peke yake hupanda hadi kasi ya juu kabisa, na hapo ndipo volti inapopungukiwa. Basi jaribu kori moja moja, na uangalie rekodi za matukio za Windows kama kuna makosa ya WHEA, yaani hitilafu za vifaa. Kosa moja tu la WHEA linatosha kurudisha namba nyuma hatua kadhaa, hata kama gemu halijawahi kukwama.

Na kabla ya yote, hakikisha kwamba prosesa ndiyo inayokuchelewesha. Anzisha gemu, shusha ukali wa picha hadi 1080p au chini. Fremu zikiruka juu, aliyekuwa amechoka ni kadi ya picha. Zikibaki palepale, ni prosesa. Anayecheza kwa 4K na kadi inayofanya kazi kwa asilimia 99 hatapata chochote kwa kuipandisha prosesa, awe na rejeta la ukubwa wowote.

## Joto linavyotoka kwenye chipu

Ulinganisho wa hewa na maji hupotoka kwa sababu watu huutazama mfumo wote kama kitu kimoja. Joto lina hatua tatu. Kwanza linatoka kwenye chipu, linapita kifuniko cha chuma na pesti ya kupitisha joto, linafika kwenye sahani ya shaba ya kipoza. Pili linasafirishwa kutoka hapo hadi kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya chuma. Tatu linachukuliwa na hewa ya chumba. Maji yanabadilisha hatua ya pili, na kwa kuwa yanaweza kupelekwa mbali, yanakuruhusu kuwa na mapezi mengi zaidi katika hatua ya tatu. Hatua ya kwanza haiguswi. Na mwisho wa yote ni hewa ya chumba: maji hayashuki chini ya joto la chumba, na chumba kikipanda nyuzi tano, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi tano, kwa mfumo wowote ule.

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu zaidi kwa prosesa za sasa. Chipu inayobeba kori za Ryzen 7000 ina ukubwa wa takriban milimita mraba 70, nafasi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na wati zaidi ya 100 zinatoka hapo. Fungua HWiNFO, programu inayosoma joto, uwashe Cinebench ukiwa umekodolea macho mstari wa joto. Ndani ya sekunde moja au mbili unaruka kutoka arobaini na kitu hadi themanini, maji yakiwa bado baridi kabisa. Mruko huo hakuna rejeta linaloufuta. Baada yake mifumo inatengana: kipoza hewa kinatulia ndani ya dakika chache, maji yanaendelea kupanda polepole kwa dakika ishirini hadi nusu saa, kama sufuria kubwa inavyochelewa kuchemka. Kwa hiyo jaribio la dakika tano huyapendelea maji isivyo haki, na ukisoma matokeo ya mtu, angalia alipima kwa muda gani.

Usiogope pia namba kubwa. Ryzen 9 7950X imeundwa kufika nyuzi 95 chini ya mzigo mzito na kukaa hapo. Ukiipa kipoza kikubwa zaidi inageuza nafasi hiyo kuwa kasi, na namba ya joto inabaki ileile. Core i9-14900K ina ukomo wa nyuzi 100 na ruhusa ya kula wati 253. 7800X3D ina ukomo wa nyuzi 89 kwa kuwa kumbukumbu yake ya ziada imewekwa juu ya kori, ikiziba njia ya joto. Kwenye 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024, AMD iliihamishia kumbukumbu hiyo chini ya kori, ukomo ukapanda hadi 95 na kasi ikafunguliwa kwa anayetaka kuipandisha. Lakini kwenye gemu prosesa hizi mbili hutumia umeme kidogo mno. Kipoza hewa cha wastani kinazimudu.

## Kipoza hewa na maji yaliyofungwa kiwandani

Hapa ndipo wengi wanapochagua, basi hapa ndipo panapostahili muda.

Kipoza hewa kikubwa si kitu duni. Noctua NH-D15 ina urefu wa milimita 165 na uzito wa kilo 1.3 pamoja na feni zake mbili. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina milimita 155 na mabomba sita ya joto. Ndani ya kila bomba mna maji kidogo kwenye shinikizo la chini: yanageuka mvuke upande wa prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa na kurudi kuwa maji. Nayo inapoza kwa maji, ila bila pampu. Kitu kinachoweza kufa ni feni, na feni hubadilishwa kwa dakika tano.

Mfumo uliofungwa kiwandani una pampu iliyokaa juu ya prosesa, mipira miwili na rejeta lenye feni. Ukubwa husemwa kwa milimita: 120, 240, 280, 360, 420. Piga hesabu ya eneo badala ya kutazama namba peke yake. Rejeta la 240 lina eneo la feni la takriban sentimita mraba 288, la 280 lina 392, la 360 lina 432. Kwa hiyo 280 liko jirani zaidi na 360 kuliko na 240, na kasha nyingi zinalipokea. La 120 lina 144 tu. Hilo silipendekezi kwa prosesa yoyote ya gemu, maana kipoza hewa kizuri kinalishinda na hakina pampu ya kufa.

Joto la chini kabisa, kwa mzigo mrefu wa wati 200 na zaidi, ni la rejeta la 360. Hapo sina ubishi. Anayetumia i9 kutengeneza video mchana na kucheza usiku ataliona tofauti. Kwa anayecheza tu, prosesa ikiwa inakula wati 70 au 100, tofauti inapungua hadi nyuzi chache zisizobadili fremu hata moja.

Sauti ina hadithi yake. Kipoza hewa kinafuata kila mruko wa joto: unafungua kivinjari, feni inapanda, inashuka, inapanda tena. Maji yanachelewa kupata joto, kwa hiyo feni za rejeta zinaweza kwenda taratibu bila kushtukashtuka. Ila pampu inavuma muda wote, hata kompyuta ikiwa haina kazi, na kwenye chumba kimya usiku baadhi ya masikio yanauona mvumo huo kuwa mbaya kuliko feni. Mruko wa feni unatibika ndani ya BIOS kwa kuiambia isubiri sekunde kadhaa kabla ya kubadili mwendo. Mvumo wa pampu unapunguzika tu.

Mahali pa rejeta panaamua mengi. Likiwekwa mbele linavuta hewa safi kutoka nje, prosesa inafurahi, lakini kadi ya picha inapewa hewa iliyokwisha kupashwa. Likiwekwa juu linatoa nje hewa iliyopita kwenye kadi, prosesa inapanda kidogo, kadi inapumua. Kwa kompyuta ya gemu nachagua juu karibu kila mara, kwa kuwa kadi ndiyo yenye wati nyingi. Na popote utakapoliweka, pampu isiwe kitu cha juu kabisa kwenye mzunguko. Hewa iliyomo ndani hukusanyika juu. Ikikusanyika kwenye pampu, pampu inagugumia na kuchakaa mapema.

Maji hupungua. Yanapenya kwenye kuta za mipira kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila tone kuonekana nje. Arctic hutoa waranti ya miaka 6 kwa Liquid Freezer III, na Noctua nayo hutoa miaka 6 kwa vipoza vyake. Usawa huo wa karatasi unadanganya kidogo: baada ya miaka hiyo, mfumo wa maji uko karibu na mwisho wa maisha yake, wakati kipande cha chuma kinaweza kuhamia ubao mama unaofuata ukikipatia vishikio vipya.

| | Kipoza hewa | Maji yaliyofungwa | Mzunguko wa kujijengea |
|---|---|---|---|
| Kinachochakaa | Feni | Feni, pampu, maji yanayopungua | Feni, pampu, kulanti (kimiminika cha kupozea), mipira, pete za mpira |
| Matunzo | Kupuliza vumbi | Kupuliza vumbi | Vumbi, na kubadilisha kulanti |
| Ukibadilisha kadi ya picha | Hakiguswi | Hauguswi | Kumwaga maji, bloku (kipande cha chuma kinachopitisha maji juu ya chipu) mpya, kujaza upya |
| Kisichosemwa sana | Kinaweza kuziba nafasi za RAM | Eneo la kuzunguka prosesa linakosa upepo | Uzito, na ugumu wa kuhama nao |

Hilo la upepo ni la kweli. Kipoza hewa kinapuliza pia vipande vya umeme vinavyoizunguka prosesa na diski ya M.2 iliyo chini yake. Ukikiondoa na kuweka pampu ndogo, weka feni ya nyuma ya kasha mahali pake, usiiache wazi.

## Mzunguko wa kujijengea

Sasa tunafika kwa kadi ya picha. RTX 4090 imepangiwa wati 450. RTX 5090, iliyotoka Januari 2025, imepangiwa 575. Linganisha na prosesa inayokula wati 80 kwenye gemu lilelile, utaona kwamba anayepoza prosesa pekee kwa maji ameshughulikia sehemu ndogo ya joto na kuiacha kubwa. Mzunguko wa kujijengea ndio unaoifikia hiyo kubwa. Chipu ya kadi ni pana na haina kifuniko cha chuma juu yake, kwa hiyo ile hatua ya kwanza iliyokuwa ngumu kwa prosesa hapa ni nyepesi. Kadi iliyokuwa inakaa nyuzi 70 na kitu hushuka hadi 50 au chini yake, na feni tatu zilizokuwa zinapiga kelele zinaondolewa kabisa.

Kasi inayopatikana ni ndogo. Kadi za NVIDIA hupunguza kasi kwa vipande vidogo vya megahezi 15 kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo ukilishusha joto unarudishiwa vipande kadhaa. Kinachopatikana kwa wingi ni ukimya. Mtu akiniambia anataka mzunguko ili apate fremu, namshauri anunue kadi ya daraja la juu zaidi. Akiniambia anataka kucheza kwa saa nne bila kusikia kompyuta, hapo tunaongea.

Wajenzi wengi hutumia kipimo cha rejeta la milimita 120 kwa kila wati 100. Kadi ya wati 450 na prosesa ya wati 100 zinaomba, kwa kipimo hicho, marejeta mawili ya 360. Kasha lisiloyabeba mawili hayo litakupa maji yenye feni zinazokimbia, na hapo ile sababu ya ukimya imekufa.

Watu hubishana sana kuhusu mpangilio wa mzunguko, maji yaanze kwenye kadi au kwenye prosesa. Hesabu inamaliza ubishi. Pampu ikisukuma lita 4 kwa dakika, wati 500 zinayaongezea maji chini ya nyuzi 2 yanapopita. Panga kwa namna mipira inavyokaa vizuri. Sharti moja tu: tangi liilishe pampu moja kwa moja, maana pampu hulainishwa na maji yenyewe na haivumilii kuzunguka kavu.

Metali zina sharti kali zaidi. Bloku za shaba au shaba iliyopakwa nikeli zikutane na rejeta la shaba. Ukiingiza alumini kwenye mzunguko huohuo, metali hizo zinafanya kazi kama betri na alumini inaliwa kutoka ndani. Kulanti iwe na dawa ya kuzuia kutu na mwani. Maji ya bomba yana chumvi na hayafai. Maji yaliyokenekwa yanafaa yakiongezwa dawa hizo. Kulanti nzito za rangi kama maziwa zinapendeza kwenye picha, lakini chembe zake hutuama kwenye mapezi membamba ya bloku na kuyaziba. Kulanti isiyo na rangi ndiyo ninayoiamini. Kwa mara ya kwanza tumia mipira laini. Mabomba magumu ya plastiki za PETG au akriliki yanahitaji kupinda kwa joto na kukata kwa kipimo, na PETG hulegea mapema zaidi maji yakipata moto. Yaweke maji chini ya nyuzi 60 kwa vyovyote, maana huo ndio ukomo wa pampu za aina ya D5 pia.

Kujaza ni kazi ya subira, nami naipenda kuliko sehemu nyingine zote. Pawa saplai inachomolewa kutoka kwenye ubao mama, kadi na diski, inabaki na pampu peke yake. Kwenye plagi ya pini 24 unaunganisha waya unaoamuru kuwaka na waya mmoja mweusi, ili pampu izunguke huku vifaa vingine havina umeme. Karatasi za kufutia zinatandazwa chini ya kila kiungio, kwa kuwa tone moja linaonekana upesi kwenye karatasi kavu. Unajaza tangi, unawasha sekunde chache, maji yanashuka, unazima kabla halijakauka, unajaza tena. Maji yakishaenea, mapovu yanabaki yamejificha kwenye pembe za rejeta, na kasha linalazwa upande mmoja, kisha mwingine, taratibu, mpaka mapovu yatoke yakipiga ngurumo ndogo ndani ya tangi. Mwenye pampu ya mkono ya kupimia shinikizo la hewa hutangulia nayo kabla ya tone la kwanza: sindano ya geji ikishuka, kuna kiungio kinachovuja. Mara nyingi kisa ni pete ya mpira iliyobanwa vibaya au mtu aliyekaza kwa koleo badala ya mkono.

Waya wa mwendo wa pampu uunganishwe kwenye kichwa cha CPU_FAN, na BIOS iamriwe kuzima kompyuta mwendo ukipotea. Feni zifuate kipima joto cha maji, zisifuate prosesa. Programu ya Fan Control hufanya hivyo ikiwa ubao mama unaisoma sensa hiyo.

Gharama isiyoonekana iko kwenye kadi. Bloku hutengenezwa kwa ubao wa kadi moja mahususi, skrubu kwa skrubu. Ukibadilisha kadi, bloku haifai tena. Kuifungua kadi kunaweza pia kugusa waranti yake, basi soma masharti kabla ya kushika bisibisi, na utunze kipoza cha awali pamoja na skrubu zake kwenye boksi.

## Nani achukue nini

Mwenye 7800X3D, 9800X3D au prosesa yoyote ya daraja la kati, na kadi ya wati 200 hadi 350: kipoza hewa cha mabomba sita, EXPO au XMP imewashwa, Curve Optimizer kama ni Ryzen, na mchoro wa Afterburner umelazwa. Fedha iliyobaki iingie kwenye kadi.

Mwenye i9 au Ryzen 9 anayefanya kazi nzito za saa nyingi: maji yaliyofungwa ya 360, na ukomo wa umeme ushushwe kidogo BIOS. Ukiishusha i9 kutoka wati 253 hadi 180 hivi, unapoteza kasi ndogo kuliko unavyodhani na joto linaporomoka.

Kasha dogo lisiloingiza kipoza kirefu linaamua lenyewe: 240 au 280, likiwekwa kwa kufuata pampu na mapovu kama nilivyoeleza. Anayesafiri na kompyuta yake mara kwa mara naye aende huko, kwani kilo na zaidi ya chuma inayoning'inia kwenye ubao mama haipendi mitikisiko ya barabarani.

Mwenye kadi ya wati 450 na zaidi, anayekusudia kukaa nayo miaka, anayependa ukimya na anayefurahia kushika vifaa: huyo ajenge mzunguko, aanze na mipira laini na kulanti isiyo na rangi. Akikosa hata sifa moja kati ya hizo, arudi kwenye kushusha volti.

Na kwa yeyote anayetafuta vifaa vilivyotumika: kipoza hewa kilichotumika nunua bila hofu, kisafishe, badilisha feni na pesti. Bloku ya shaba nunua baada ya kuifungua na kutazama mapezi yake. Mfumo uliofungwa kiwandani uache, hata ukionekana mpya, kwa kuwa hakuna njia ya kuona ni maji kiasi gani yamebaki ndani.